Waridi Moja, Programu Tatu: Kuamuru na Kuvisha Maumbo ya Nakshi za Pate kwa Tarakilishi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna umbo la mchoro wa vekta linavyoundwa na kuvishwa kwa amri za programu, na yanatumia nakshi za kisiwa cha Pate kuwa mfano. Hoja yake kuu ni kwamba amri ya kuchora haiishii katika kunakili umbo; ni dai kuhusu namna fundi alivyolitenda. Picha mbili zinazofanana machoni zaweza kubeba madai yanayopingana. Kwa hiyo, anayehifadhi nakshi kwa tarakilishi analazimika kuwa mhakiki kabla ya kuwa mchoraji.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hukutana na Pate mapema katika masomo yake. Utendi wa Tambuka wa Bwana Mwengo, ambao huhusishwa na mwaka 1728, ni wa huko, na kuanguka kwa mji wa Pate ndiko kulikompa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir maudhui ya Al-Inkishafi. Katika utenzi huo wa pili, mshairi anayataja madaka ya nyumba za matajiri, yaliyokuwa mahali pa kupanga sahani, kuwa yamegeuka makazi ya ndege. Wahakiki wengi wameyasoma madaka hayo kama ishara ya dunia ipitayo, na wamesoma sawa. Hata hivyo, madaka yalikuwa pia kazi ya mikono. Palikuwapo mtu aliyeupima ukuta, akaugawa, akaichonga chokaa kwa subira. Maarifa ya mtu huyo hayamo katika beti.

Kisiwa cha Pate ndicho kikubwa zaidi katika funguvisiwa la Lamu. Kina miji ya Pate, Siyu, Faza na Kizingitini, pamoja na magofu ya Shanga. Katika karne za 18 na 19 Siyu ilisifika kwa wanazuoni na wanakili wa misahafu, na pia kwa mafundi wa ngozi, chuma na mbao. James de Vere Allen aliiandikia historia yake katika miaka ya 1970. Milango ya mtindo wa Siyu, yenye nakshi za maumbo ya kijiometri yaliyofungamana, inatambuliwa na wataalamu kuwa na sura yake mahususi katika pwani nzima.

Kazi hizo hazidumu. Paa la boriti likiporomoka, mvua huingia, na chokaa iliyochongwa hulika mwaka baada ya mwaka. Katika eneo la mji wa kale wa Pate watu hulima tumbaku baina ya kuta zilizobaki. Milango nayo hubebeka, na kinachobebeka huuzika. Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, lakini sheria haiwezi kuizuia mvua. Ndiyo maana watu hupiga picha. Picha ni ushahidi mwema kwamba nakshi ilikuwapo na kwamba ilionekana hivi siku ile, saa ile, jua likiwa upande ule. Haisemi nakshi ilitengenezwaje. Mwanafunzi anayetaka kuichonga tena hana pa kuanzia. Hapo ndipo mchoro wa vekta unapostahili kuzingatiwa na watu wa lugha na fasihi, wala si na wahandisi peke yao.

2.0 Umbo huamriwaje

Picha ya kamera ndani ya tarakilishi imesukwa kama mkeka, kwa vijisehemu vidogo mno vya rangi viitwavyo pikseli. Mkeka huo ukikuzwa, kila kijisehemu huonekana na picha huharibika. Mchoro wa vekta hauna mkeka. Unahifadhi maagizo: weka kitovu hapa, chora duara la nusu kipenyo kadha, unganisha nukta hii na ile. Mchoro ukikuzwa mara 100, tarakilishi huhesabu upya na ukingo hubaki safi.

Fikra hii ni ya tangu mwaka 1963, Ivan Sutherland alipoonyesha programu yake ya Sketchpad katika chuo cha MIT, Marekani. Muundo wa faili unaotumika sana leo kwa michoro ya aina hii, yaani SVG, ulipitishwa na shirika la W3C mwaka 2001. Miaka miwili baadaye ilianza programu huria ya Inkscape, ambayo huhifadhi michoro yake katika muundo huohuo na hukubali kuongezewa programu ndogo zilizoandikwa kwa lugha ya Python. Kwa upande wa Kiswahili, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 toleo la Kiswahili la OpenOffice.org, lililoitwa Jambo OpenOffice.

Faili la SVG ni maandishi matupu. Laweza kufunguliwa kwa programu yoyote ya kuandikia na likasomwa mstari kwa mstari kama shairi. Kila mahali katika uwanja wa kuchorea hutajwa kwa namba mbili: ya kwanza ni umbali wa kwenda kulia, ya pili ni umbali wa kushuka chini. Jambo hili la pili huwachanganya waliozoea grafu za shuleni, ambazo namba zake hupanda juu. Katika SVG kupanda juu ni kupunguza.

Maumbo mepesi, kama mstatili na duara, yana amri zake. Umbo lolote lisilo na amri yake huandikwa kama njia, yaani mwendo wa kalamu. Herufi M huihamisha kalamu bila kuacha wino. L huchora mstari mnyofu. A huchora tao la duara. C huchora mpindo unaovutwa na nukta mbili za pembeni. Z huifunga njia kwa kuirudisha ilikoanzia. Mipindo ya C hujulikana kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa kampuni ya magari ya Renault nchini Ufaransa, aliyeieneza katika miaka ya 1960.

Ipo tofauti ndogo baina ya programu na programu ambayo ina uzito kwa mada hii. Katika SVG, duara huamriwa kwa kitovu na nusu kipenyo. Katika Draw ya OpenOffice, na katika LibreOffice iliyoirithi kuanzia mwaka 2010, makro inayoumba duara hutaja kona ya juu kushoto ya sanduku linalolizunguka duara, kisha upana na urefu wa sanduku hilo, vyote vikihesabiwa kwa sehemu za mia za milimita. Duara la nusu kipenyo cha milimita 30 lenye kitovu chake milimita 100 kutoka kila upande huandikwa katika Draw kama kona ya 7000 na 7000, na ukubwa wa 6000 kwa 6000. Kinachotokea kwenye skrini ni kilekile. Lakini SVG inafikiri kwa bikari, ilhali Draw inafikiri kwa sanduku. Fundi anayechora duara juu ya ubao hashiki sanduku. Anaikita ncha ya bikari na kuizungusha, na alama ya ncha hiyo hubaki katika mbao.

3.0 Waridi moja, programu tatu

Miongoni mwa mapambo ya milango ya pwani, waridi ndilo linalojulikana zaidi. Liko la majani mengi na liko la majani machache. Hapa litachukuliwa lile la majani 6, kwa kuwa ndilo ambalo kila mwanafunzi amewahi kulichora kwa bikari pembeni mwa daftari la hesabu.

Programu ya kwanza huanza na jani. Jani moja lililosimama, lenye urefu wa vipimo 30, huandikwa hivi:

M 0,0 A 30,30 0 0 1 0,-30 A 30,30 0 0 1 0,0 Z

Maana yake: anzia kitovuni, chora tao la duara lenye nusu kipenyo cha 30 hadi nukta iliyo vipimo 30 juu, kutoka hapo chora tao la namna hiyohiyo kurudi kitovuni, funga. Upana wa jani haukutajwa popote, lakini umekwisha kuamuliwa. Kwa vile kila tao ni la duara lenye nusu kipenyo sawa na urefu wa jani, katikati ya jani patakuwa na upana wa vipimo 8 hivi, wala haiwezekani kuwa vinginevyo. Kisha huja marudio:

rudia mara 6: chora jani, zungusha nyuzi 60

Waridi limekamilika. Ni jani moja lililofafanuliwa mara moja na kutumiwa mara sita, mithili ya kiitikio kinachoandikwa kikamilifu baada ya ubeti wa kwanza na kutajwa tu baada ya beti zinazofuata.

Programu ya pili haina jani hata kidogo. Inachora duara moja la nusu kipenyo cha 30. Halafu inahamishia ncha mahali popote juu ya mzingo wa duara hilo, inachora duara jingine la ukubwa uleule, inasogea hadi pale duara hili jipya lilipoukata mzingo, inachora tena, hadi irejee ilipoanzia. Hatua ni sita kamili, kwa sababu nusu kipenyo huingia mara 6 katika mzingo kama nyuzi za mduara zilizonyooka. Mwisho, kila kilichotoka nje ya duara la kwanza hukatwa kwa amri ya mpaka. Mistari iliyobaki ndani ni waridi lilelile. Ukiziweka picha mbili hizi moja juu ya nyingine, hakuna utakachoona kikitofautiana.

Basi tofauti iko wapi? Iko katika dai. Programu ya kwanza inadai kwamba fundi alikuwa na kiolezo cha jani, cha karatasi, cha ngozi au cha bati, na kwamba alikizungusha. Programu ya pili inadai kwamba fundi aliitembeza bikari bila kubadili upana wake. Madai haya yaweza kuchunguzwa juu ya mbao yenyewe. Kiolezo kinachozungushwa hakihitaji zaidi ya tundu moja, kitovuni. Bikari inayotembea huacha matundu saba: moja kitovuni na sita juu ya mzingo, kila moja kwenye ncha ya jani. Mtafiti mwenye picha ya kawaida huenda asifikirie kuyatafuta matundu hayo. Mtafiti aliyelazimika kuchagua baina ya programu mbili atainama na kutazama.

Programu ya tatu ndiyo ya kuangaliwa kwa tahadhari zaidi. Tuseme mchoraji anataka majani yawe mekundu. Kwa programu ya kwanza hana shida: jani ni umbo lililofungwa, na umbo lililofungwa hujazwa rangi. Kwa programu ya pili hana jani la kujaza. Ana maduara tu, na jani ni nafasi iliyotokea baina yao. Macho yanaliona, faili halilijui. Lakini lipo jawabu. Duara zile sita za pembeni zikiandikwa kama njia moja badala ya njia sita, SVG hutoa uhuru wa kuchagua kanuni ya kujaza, na mojawapo ni kanuni ya witiri na shufwa: mahali palipofunikwa mara witiri hujazwa, palipofunikwa mara shufwa huachwa wazi. Ndani ya duara la katikati, kila jani limefunikwa na duara 3, na kila nafasi iliyo baina ya majani imefunikwa na duara 2. Tatu ni witiri, mbili ni shufwa. Majani sita yanawiva wekundu kwa mara moja na nafasi zinabaki tupu, bila jani lolote kuandikwa.

Ni hesabu ya kupendeza, na mwalimu wa hisabati angeifurahia. Kama rekodi ya kazi ya fundi, hata hivyo, inapotosha. Hakuna mchongaji aliyehesabu ni duara ngapi zimefunika mahali fulani kabla ya kupaka rangi. Aliona jani, akalipaka. Programu ya tatu inatoa picha sahihi yenye historia ya uongo, na ubaya wake ni kwamba uongo huo hauonekani mpaka faili lisomwe. Hali hii haipaswi kuwa ngeni kwa mhakiki wa ushairi. Ubeti waweza kutimiza vina na mizani yote na bado usiwe umetungwa kwa njia ambayo msomaji anaidhania.

4.0 Kuvisha umbo

Umbo lililoamriwa haliwi limeonekana. Duara lenye kitovu na nusu kipenyo bila wino wala rangi ni wazo tu. Amri za namna ya pili ndizo zinazolivisha: rangi ya ukingo, unene wa ukingo, rangi ya ndani, kiasi cha uwazi. Programu nyingi huziita amri hizi mtindo. Katika uhakiki wetu neno hilo tayari lina mzigo wake. Mtindo wa mtunzi ni jumla ya namna yake ya kusema, na hauvuliwi kama shati. Kwa makala haya neno vazi linafaa zaidi. Vazi hubadilishwa na mwili ukabaki.

Kuhusu ukingo, lipo kosa ambalo anayeanza hulifanya karibu kila mara. Unene wa mstari hauhesabiwi kwenda nje wala kwenda ndani. Nusu yake huenda kila upande. Duara la nusu kipenyo cha 30 lililovishwa ukingo wa unene wa 4 huishia kwenye 32 kwa nje na kuanzia kwenye 28 kwa ndani. Mtu anayepima waridi kwenye mlango kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, akaandika kipimo hicho kama kipenyo, kisha akavisha ukingo mnene, atapata waridi kubwa kuliko la fundi. Yakipangwa mawaridi kumi katika mwimo wa mlango, la mwisho halitapata nafasi.

Lakini swali gumu kuliko hilo ni la mchongo wenyewe. Katika mbao iliyochongwa, kile kinachoonekana kama mstari mweusi mara nyingi si mstari wala si mweusi. Ni mfereji, na weusi wake ni kivuli. Asubuhi kivuli huegemea upande huu, jioni upande ule. Je, mfereji uandikwe kama ukingo wenye unene wa 2, yaani kama vazi? Au uandikwe kama umbo kamili lenye kingo mbili na nafasi katikati, yaani kama mwili? Programu hukubali yote mawili bila kunung'unika. Jawabu la makala haya ni kwamba penye patasi, mfereji ni umbo, kwa kuwa fundi alitoa mbao pale na haiwezi kurudi. Penye wino, kama katika kurasa za msahafu, mstari ni ukingo, kwa kuwa unene wake ulitokana na kalamu na ungebadilika kwa kubadili kalamu. Mwingine anaweza kupinga kigezo hiki. La msingi ni kwamba ubishi huo haungeanza bila amri ya kuandikwa.

Faida ya kutenga mwili na vazi huonekana zaidi penye marudio, na hakuna mahali penye marudio kama kwenye zidaka. Ukuta wa zidaka katika chumba cha ndani cha nyumba ya mawe ni safu juu ya safu za vishubaka vilivyozungushiwa chokaa iliyochongwa. Kwa mpanga programu, ni kidaka kimoja kilichofafanuliwa mara moja, kikafungwa katika kikundi, kisha marudio mawili, moja ndani ya jingine: moja la safu za kwenda juu na moja la safu za kwenda kando. Vazi hupewa kikundi. Kila kilicho ndani ya kikundi hulirithi, isipokuwa chenye vazi lake chenyewe. Kidaka kilichobomoka kikipewa ukingo wa nukta nukta, kitaonekana tofauti na wenzake ilhali umbo lake limebaki lilelile, na msomaji wa mchoro atajua papo hapo kipi kimeonwa na kipi kimekisiwa. Huu ni uaminifu ambao mchoro wa mkono hauutoi kwa wepesi.

Neno zidaka lenyewe lastahili kuangaliwa kidogo. Ni wingi wa kidaka, na kiambishi zi- pale ambapo Kiswahili sanifu kina vi- ni alama ya lahaja za kaskazini, Kiamu na Kipate zikiwamo. Neno daka bila ki- lina kazi nyingine katika nyumba ya Lamu: ni kibaraza cha mlangoni chenye mabaraza ya kukalia. Kwa hiyo anayeunda istilahi za nakshi asilisahihishe zidaka kuwa vidaka kwa pupa, wala asilifupishe kuwa daka. Lahaja imekwisha kufanya kazi ya kutofautisha.

5.0 Msuko na utaratibu wa kuchora

Misahafu iliyonakiliwa Siyu inajulikana leo zaidi kuliko ilivyokuwa miaka ya nyuma. Zulfikar Hirji ameichambua mitatu yenye mapambo katika kitabu alichokihariri mwaka 2019 kuhusu Kurani katika Afrika kusini mwa Sahara, na mmoja wa misahafu ya huko umehifadhiwa katika makumbusho ya Fowler, Los Angeles. Wino mweusi na mwekundu pamoja na rangi ya manjano ndivyo vilivyotumika katika mapambo yake. Waandishi wa kurasa kama hizo walikuwa warithi wa elimu ya khati ambayo yenyewe ni elimu ya amri. Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940, ndiye anayehesabiwa kuwa aliweka utaratibu wa kuipima kila herufi kwa nukta ya kalamu: urefu wa alifu ni nukta kadhaa, na alifu hiyo ndiyo kipenyo cha duara ambalo herufi nyingine hupimiwa. Mabadiliko ya upana wa kalamu hubadilisha ukubwa wa mwandiko wote bila kuvunja uwiano. Anayejua programu za vekta ataona kwamba nukta ya Ibn Muqla ni kipimo kinachotangazwa mara moja mwanzoni mwa faili.

Penye msuko, yaani ukanda unaopita juu ya mwenzake kisha chini yake, kama ilivyo kwa kamba na mnyororo katika miimo ya milango, programu ya kuchora hukwama. Katika SVG kinachoandikwa baadaye hukaa juu ya kilichoandikwa kabla. Ukanda wa pili utaufunika wa kwanza popote wanapokutana. Hauwezi kuwa juu hapa na chini pale. Hakuna vazi litakaloondoa tatizo hili. Ni lazima mwili ukatwe: ukanda mmoja ugawanywe vipande, na kipande kinachopaswa kupita juu kiandikwe mwishoni. Kwa maneno mengine, msuko ambao jicho huuona kuwa kamba moja isiyo na mwanzo wala mwisho huwa ndani ya faili vipande vilivyopangwa kwa zamu.

Cha ajabu ni kwamba mchoraji wa wino naye hana njia nyingine. Yeye pia huukatiza mstari wa chini unapofika kwenye makutano, akauruka ukanda wa juu, akauendeleza upande wa pili. Mchongaji wa mbao hufanya vivyo hivyo kwa patasi. Hapa, tofauti na programu ya tatu ya waridi, kikwazo cha tarakilishi kinalingana na kikwazo cha mkono, na faili lililokatwa vipande ni rekodi ya kweli.

Haifai kuondoka kwenye msahafu bila kusema jambo moja. Umbo likishakuwa amri, hunakilika bila gharama, na vazi lake hubadilishwa kwa neno moja. Pambo lililozunguka maneno matukufu laweza kuishia kwenye fulana ya watalii au kwenye karatasi ya kufungia peremende. Sheria ya hakimiliki haitasaidia sana kwa kazi ya karne ya 18 au 19. Busara ingekuwa kuyaweka mafaili ya nakshi za milango mahali pa wazi, kwa kuwa mlango ulikusudiwa kuonwa na kila mpita njia, na mafaili ya nakshi za misahafu kuyaweka mahali ambapo anayeyataka ataeleza kwanza anayatakia nini. Wenye kauli juu ya hilo ni wenyeji wa Siyu.

6.0 Mkono wa fundi

Programu inayozungusha jani kwa nyuzi 60 haikosei. Fundi hukosea, au tuseme hurekebisha: mbao ina fundo, ukuta una upogo, nafasi ya mwisho katika safu imebaki pungufu ya vipimo viwili, naye anaigawa pungufu hiyo kwa macho baina ya majani matatu ya mwisho. Mchoro wa kanuni tupu huifuta hekima hiyo. Mchoro unaofuata kila kombo la ubao huificha kanuni.

Njia iliyo nyepesi ni kuweka tabaka mbili katika faili moja. Tabaka la chini ni la kanuni: jani moja, marudio sita, nyuzi 60 kila mara, ukingo mwembamba wa kijivu. Tabaka la juu ni la vipimo vilivyochukuliwa mahali penyewe: jani la kwanza nyuzi 60, la pili 59, la tatu 61 na nusu, kwa mfano, kila moja na njia yake, ukingo mweusi. Yakiwashwa yote mawili, mahali ambapo mweusi umeachana na kijivu ndipo palipo na uamuzi wa mtu. Hapo ndipo pa kuuliza maswali, na maswali hayo ni yaleyale yanayoulizwa ubeti unapopungukiwa na mizani moja katika diwani ya mtunzi hodari: je, ni kosa la mnakili, ni matamshi ya lahaja, au ni makusudi?

Limebaki suala la majina. Amri za SVG zenyewe zimetoka katika Kiingereza na hazitabadilika. Lakini kila umbo, kikundi na vazi ndani ya faili laweza kupewa jina na mwandishi wake, na jina hilo laweza kuwa la lugha yoyote. Wengi huyaacha majina ambayo programu hujitungia, neno la Kiingereza na namba, kama kwamba hakuna asomaye. Faili la mlango wa Siyu halina sababu ya kuwa hivyo. Kikundi kiitwe mwimo, kiitwe mfaa, kiitwe kidaka. Na pale ambapo mzee wa Siyu au wa Faza analiita umbo kwa neno lisilo katika kamusi, neno hilo liandikwe kama alivyolitamka, na pembeni yake, katika maelezo ambayo tarakilishi huyaruka lakini msomaji huyaona, iandikwe kama ni la Kisiu, la Kipate au la Kitikuu.